Kura 123 za Paravur

Watu 62 wanaenea kwenye basi moja. Lau abiria wa basi kama hilo wangebadili nia tarehe 19 Mei 1982, wakamwacha Sivan Pillai wa Chama cha Kikomunisti cha India na kumpa kura A.C. Jose wa Congress, Paravur ingempeleka mtu mwingine bungeni. Pillai alipata kura 30,450. Jose alipata 30,327. Tofauti ni kura 123, yaani mbili tu katika kila elfu moja walizogawana wawili hao.

Paravur ni eneobunge la Bunge la jimbo la Kerala, kaskazini mwa mji wa Kochi, kwenye pwani ya Malabar iliyokuwa ikileta kwetu mbao za msaji za kuundia majahazi. Habari yake husimuliwa kwa pumzi moja: mashine ya kielektroniki ya kupigia kura ilitumika pale kwa mara ya kwanza India, mahakama ikaikataa, kura zikarudiwa, mshindi akabadilika. Yote hayo yalitokea. Lakini anayeisikia hivyo huondoka akiamini kwamba mashine ilihesabu vibaya, na hilo silo lililoamuliwa. Nimeifuatilia kesi hii kwa muda mrefu na bado inaniudhi kuisikia ikifupishwa namna hiyo, kwa sababu chini ya zile 123 kuna maswali ambayo kila tume ya uchaguzi ingepaswa kuyajua kwa moyo.

Tuanze na vituo. Eneobunge lilikuwa na vituo 84. Katika 34 watu walipiga kura kama kawaida: unapewa karatasi, unagonga muhuri kwenye alama ya mgombea wako, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Katika vituo 50 walikuta kifaa chenye sehemu mbili zilizounganishwa kwa waya. Sehemu moja imekaa mezani kwa afisa wa kituo, nyingine iko nyuma ya kizuizi pamoja na majina na alama za wagombea. Afisa akibonyeza kwake, sehemu ya mpiga kura inafunguka kwa kura moja tu. Mpiga kura akibonyeza kitufe kilicho kando ya mgombea wake, kinajifunga mpaka afisa aruhusu tena. Hakuna karatasi, hakuna wino wa muhuri, na jioni hakuna rundo la kukunjua.

Sasa zitazame kura za Pillai. Kati ya zile 30,450, karatasi zilimpa 11,268 na mashine zilimpa 19,182. Ukigawanya kwa vituo, alipata wastani wa kura 331 kwenye kituo cha karatasi na 384 kwenye kituo cha mashine. Mtu mwenye haraka atasema mashine ilimpendelea. Hesabu hiyo haitoshi kusema hivyo: vituo havilingani kwa idadi ya watu, wala vijiji havilingani kwa mapenzi ya vyama, na chama cha Pillai kilikuwa na mizizi yake katika sehemu zile. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Karatasi huharibika. Muhuri ukigongwa katikati ya wagombea wawili, au mara mbili, kura inatupwa. Kwenye mashine huwezi kuharibu kura hata ukitaka. Kwa hiyo vituo 50 vilihesabu sauti ambazo katika vile 34 zingeishia kwenye fungu la zilizokataliwa. Gawanya 123 kwa vituo 50 upate kura mbili na nusu kwa kituo. Katika mbio za karibu hivyo, kura mbili tatu zilizookolewa kwa kila kituo zinaweza kuamua kiti bila mtu yeyote kudanganya. Wapiga kura wa eneobunge moja, siku moja, walipimwa kwa mizani mbili, na kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la kitaalamu la jaribio lile. Ukitaka kujaribu chombo kipya, jaribu eneo zima au usijaribu kabisa.

Jose alikwenda mahakamani. Huyu hakuwa mtu wa kudharau kura moja: mapema mwaka huohuo alikuwa Spika wa Bunge la Kerala, wakati wabunge 140 walikuwa wamegawanyika katikati na serikali ya K. Karunakaran ikiishi kwa kura ya uamuzi ya Spika, hadi ilipoanguka mwezi Machi.

Cha kushangaza, si yeye aliyetangulia kuilalamikia mashine. Kabla ya uchaguzi ni Pillai aliyekimbilia Mahakama Kuu ya Kerala kuizuia, na ombi lake likatupwa tarehe 12 Mei kwa kuwa mchakato wa uchaguzi ulikuwa umeshaanza. Wiki moja baadaye mashine ileile ikampa ushindi. Hapo wakabadilishana viti: mshindi akalazimika kuitetea, na aliyeshindwa akaichukua hoja ya mpinzani wake. Mahakama Kuu ilimkatalia Jose pia. Alikata rufaa Mahakama ya Juu ya India, na tarehe 5 Machi 1984 akashinda.

Hukumu iliyoandikwa na Jaji Murtaza Fazal Ali ilitegemea neno moja. Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1951, kifungu cha 59, iliagiza namna kura zitakavyopigwa kwa kutumia neno la Kiingereza “ballot”, ambalo Tume ya Uchaguzi ya India ilidai linabeba hata kitufe cha mashine. Sisi tunaosema “kura” pengine hatuoni ugumu, maana neno letu, lenye asili ya Kiarabu, lilihusu bahati nasibu na halina karatasi ndani yake. Lakini mahakama iliuliza wabunge wa 1951 walikusudia nini, na kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo zilieleza karatasi, alama na sanduku hatua kwa hatua. Tume ilitegemea kifungu cha 324 cha Katiba, kinachoipa mamlaka ya kusimamia na kuongoza uchaguzi. Majaji wakajibu kwamba mamlaka hayo yanaziba pengo pale sheria iliponyamaza. Sheria ikishasema, Tume haiwezi kusema kinyume chake, hata kwa nia njema na chombo kizuri.

Naiona hukumu hiyo kuwa sahihi, ingawa iliwachelewesha watu wa Paravur miaka miwili kujua mbunge wao halali.

Amri ilikuwa kura zirudiwe katika vituo 50 tu, kwa karatasi. Vile 34 viliachwa na hesabu zao za 1982. Jose alishinda kwa takriban kura 2,000, na wengi huichukua tofauti hiyo kama ushahidi dhidi ya mashine. Lakini angalia kilichojumlishwa. Matokeo ya mwisho yalichanganya kura za watu wa vituo 34 walivyofikiri 1982 na kura za watu wa vituo 50 walivyofikiri 1984. Kati ya tarehe hizo Karunakaran alikuwa amerudi madarakani, na kila mpiga kura alijua kiti hiki kimoja kinabishaniwa na nani na kwa nini. Kutoka kuachwa kwa 123 hadi kuongoza kwa 2,000 hivi ni mabadiliko ya kura 42 kwa kituo, sawa na watu 21 waliohama upande. Mabadiliko ya kiasi hicho hutokea katika uchaguzi mdogo wowote.

Bunge la India lilirekebisha sheria Desemba 1988 kwa kuongeza kifungu cha 61A, kilichoanza kutumika Machi 1989. Mashine karibu 150,000 zilinunuliwa kipindi hicho, zikakaa. Ni mwaka 1998 ndipo zilipotumika tena, katika maeneobunge 16 ya Madhya Pradesh, Rajasthan na Delhi, na mwaka 2004 zikaenea katika maeneobunge yote 543 ya uchaguzi wa Bunge la taifa.

Namibia, iliyonunua mashine kutoka India na kuzitumia mwaka 2014, ilipita njia karibu ileile. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba waziri alikosea kuanzisha vifungu vya sheria vinavyoruhusu mashine huku akiacha kile kinachodai kumbukumbu ya karatasi. Matokeo ya uchaguzi wa 2019 hayakufutwa. Majaji wa Windhoek walishika hoja ya Paravur bila kutoa nafuu ya Paravur.

Na Paravur yenyewe? Tangu 2001 hadi 2021 V.D. Satheesan wa Congress alishinda pale mara tano mfululizo, mara ya mwisho kwa tofauti ya kura 21,301. Wapiga kura wa 2021 walibonyeza kitufe kwenye mashine, kisha kikaratasi chenye jina na alama ya mgombea wao kikaonekana nyuma ya kioo kwa sekunde saba kabla ya kudondoka kwenye kisanduku kilichofungwa. Baada ya kuhesabu, vituo vitano vya eneobunge vilichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na vikaratasi vyake vikahesabiwa kimoja kimoja kwa mkono.