Jinsi 223 Ilivyonaswa

Kikokotoo cha mwanafunzi wa sekondari kina nafasi ya tarakimu kumi. Jioni moja Mukuru kwa Reuben, stima imepotea na tochi ya kabambe inatumulikia daftari, kijana ninayemfunza hesabu alikipa 2 kwa kipeo cha 37, akatoa 1. Kioo kikaandika 1.374389535 mara 10 kwa kipeo cha 11. Tarakimu za mwisho zimemezwa, na anayetafuta vigawo anazihitaji zote.

Nambari yenyewe ni 137,438,953,471. Je, ni tasa? Ukigawa kwa 3, 5, 7 na kuendelea, utakesha: kipeuo chake cha pili kinapita 370,000. Mwaka 1640, Pierre de Fermat wa Ufaransa hakukesha.

Chukua kigawo tasa, tukiite q. Anza na 1, ongeza maradufu, na kila matokeo yakifika q au kupita, toa q ubaki na baki. Mabaki hayo huenda kama matatu: hutoka steji na kurudi steji, yaani kwenye 1. Ikiwa q inagawa nambari yetu, hatua 37 zinakurudisha steji. Huwezi kuwa umerudi mapema, maana 37 ni tasa: tripu fupi ingekuwa ya hatua moja, na hatua moja inakufikisha 2 tu. Fermat alijua pia kwamba hatua q − 1 lazima zikurudishe steji. Basi q − 1 ni tripu kamili za hatua 37. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa. Hivyo q ni 74 mara kitu, jumlisha 1.

Hapo ndipo msitu ulipofyekwa. Mgombea wa kwanza ni 75, si tasa. Wa pili ni 149, lakini kuna kichujio kingine: kigawo tasa cha nambari za aina hii, kikigawanywa kwa 8, huacha 1 au 7. 149 inaacha 5. Itoke. Wa tatu ni 223, inaacha 7.

Sasa kuijaribu, na kikokotoo kirudi mfukoni. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256. Toa 223, baki 33. 33 mara 33 ni 1,089. Toa 223 mara tano, baki −26. Zidisha −26 kwa yenyewe upate 676. Toa 669, baki 7. Hicho ni kipeo cha 32. Zimebaki hatua tano: 7 mara 32 ni 224. Toa 223, baki 1. Tumerudi steji.

Kijana akataka tujaribu kipeo cha 67, ambacho Padri Marin Mersenne alikiweka kwenye orodha yake ya mwaka 1644 akidhani kinazaa nambari tasa. Mwanahisabati Frank Nelson Cole alitangaza vigawo vya nambari hiyo, 2 kwa kipeo cha 67 ukatoa 1, mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Alikuwa na vichujio vikali kuliko vyetu. Kwa njia ya daftari letu, hicho kidogo kinasimama kwenye foleni nafasi ya 1,445,580.