Mtoro, Yatima, Mkiwa: Mtoto Aliyetengwa na Wazazi katika "Uhuru wa Watumwa"

Mji mdogo wa Mackinnon Road, huko Kwale, kando ya reli ya Mombasa na Nairobi, unahifadhi jina la William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na iliyochonga barabara ya kwenda bara. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 1889, iliwalipa mabwana fidia ili watumwa wapatao 1,400 waliokimbilia misheni za Rabai na jirani zake wapate uhuru. Watu hao waliitwa watoro. Neno hilo lastahili kuchunguzwa, kwani siku hizi hutumiwa hasa kwa mwanafunzi anayekwepa shule. Katika matumizi yote mawili, mtoro hutazamwa kwa jicho la anayemdai, wala si kwa jicho lake mwenyewe.

Jambo hilo ni ufunguo wa kukisoma upya kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwatukuza Waingereza na kuwabebesha Waarabu mzigo wote wa biashara ile. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, imefunika suala jingine. Miongoni mwa waliotolewa majahazini na manowari, kisha wakaletwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni karibu na Mombasa mwaka 1875, walikuwamo watoto wengi wasiojua wazazi wao waliko. Je, kitabu kinamwona mtoto huyo?

Kwa kiasi kidogo tu. Jina lenyewe la kitabu li katika wingi, na masimulizi yanatoka katika kutekwa, yanapita pwani na baharini, yakielekea kwenye ukombozi kana kwamba huo ndio mwisho wa safari. Kwa mtu mzima huenda ukawa mwisho. Kwa mtoto, kufunguliwa minyororo si kurudishwa kwa mama. Hapo methali isemayo "mwacha asili ni mtumwa" inageuka kuwa swali zito: vipi kuhusu yule ambaye hakuiacha asili, bali alinyang'anywa?

Kosa hili si la mwandishi peke yake. Msamiati nao umempungukia. Yatima ni aliyefiwa, ilhali wazazi wa mtoto huyu pengine wangali hai. Mateka humtaja kwa kitendo cha aliyemteka. Mkimbizi hudhani kwamba alikimbia kwa hiari ya miguu yake. Lililo karibu zaidi ni mkiwa, kwa sababu hilo peke yake hueleza hali ya moyo wa aliyeachwa bila wake. Lakini neno hilo limebaki zaidi katika ushairi, halikuingia katika maandishi ya sheria wala ya utawala.

Upungufu huo ungali upo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 22, unazitaka serikali kusaidia kuwatafuta wazazi wa mtoto mkimbizi. Kakuma, tangu mwaka 1992, ilipokea maelfu ya wavulana kutoka Sudan waliotembea mwendo mrefu bila wazazi, nao wakajulikana ulimwenguni kuwa "wavulana waliopotea". Jina hilo nalo walipewa na wengine. Hakuna mtoto aliyepotea machoni pake mwenyewe. Kwake yeye, waliopotea ni wazazi. Nayo tafsiri ya kiofisi, "mtoto asiyeandamana na mzazi", hutaja anachokosa tu.

Thamani ya kitabu cha Mbotela, basi, imo katika lugha yake kuliko katika sifa zake kwa wakombozi. Freretown ilikusanya Wayao, Wamakua na wengineo, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwana wa mkombolewa alipoandika, aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kiyao cha wazee wake. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" kwa kawaida husemwa kwa kukemea. Kwa watoto hawa ilikuwa habari ya maisha yao, na ulimwengu uliowafunza ulisema Kiswahili. Lugha iliyowalea inawiwa nao deni: kuwapa jina ambalo wao wenyewe wangeliitikia.