Kikapu Kilichoshuka Kichwani

Ukifika soko kuu la Iringa ukaulizia vikapu, usianze na rangi. Pindua kikapu, tazama kitako. Hapo ndipo milulu ilipopishanishwa mara ya kwanza, na aliyeharakisha hapo hana pa kujificha: kikapu kitakaa upande mpaka kichakae.

Milulu, nyasi za kusukia, huota kwenye mabonde ya majimaji. Akina mama wa Kihehe huikata na kuianika juani, kisha vidole huanza kazi. Nyuzi mbili huenda pamoja, moja mbele ya mlulu uliosimama, nyingine nyuma yake. Husokotwa, hubadilishana nafasi, huukamata mlulu unaofuata. Hivyo hivyo, mstari juu ya mstari, kutoka kitakoni hadi mdomoni. Kalibu hakuna. Duara hulindwa kwa macho, na kikapu kinapotanuka, milulu mipya huchomekwa kati ya ile ya zamani. Kwa msukaji hodari, utatafuta ilipoingilia mpaka uchoke.

Kikapu hiki kilizoea kutwikwa kichwani, kimejaa mahindi au maharage, uzito wote ukilala kitakoni. Siku hizi wanunuzi wa Dar es Salaam na Ulaya wanakitaka begani, basi kimetiwa vishikio vya ngozi. (Bitana na zipu, kwa maoni yangu, ni kukikosea heshima.) Ngozi inapendeza, lakini imehamisha mzigo: sasa kikapu kizima kinaning'inia mdomoni, tena penye sehemu chache tu.

Hapo ndipo fundi wa ngozi hupimwa. Akishona kwenye mstari wa juu peke yake, mdomo huvutika ukawa yai. Fundi anayejua huiteremsha ngozi mistari kadhaa, akapitisha uzi kuuzunguka mlulu, si kuutoboa, maana mlulu mkavu uliotobolewa hupasuka. Ukiingiza mkono ndani, mishono utaihisi imelala, haikwaruzi.

Nilikuwa nimeshapenda kimoja chenye mistari myeusi. Muuzaji, mama mtu mzima, tulipomaliza salamu zetu za "kamwene", alikijaza viazi mviringo akaniambia nitundike begani. Mdomo ukakunjamana palepale.

"Hicho cha kuweka sebuleni, mwanangu," akasema, akimwaga viazi. Akanipa kingine, hakina urembo wowote, na bei yake iko juu kidogo.