Mmoja Akitoka

Kila mpenzi wa muziki wa roki ashawahi kuingia kwa huu ubishi, na kila mmoja anajua haunanga mwisho. Bendi gani ndiyo bora kuliko zote? Kwenye keja tuliyoishi wanne pale Juja, swali lilianza saa mbili usiku maharagwe yakiwa bado motoni, na kufika saa sita tulikuwa tumenuniana. Mmoja alikuwa wa Queen, na silaha yake ilikuwa moja tu: Freddie Mercury alizaliwa Stone Town, Zanzibar, mwaka wa 1946, kwa hivyo ni wa kwetu, kesi imefungwa. Wa pili alikuwa wa Beatles, na alitaja nyimbo zao zilizoshika namba moja kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Wa tatu, AC/DC. Mimi nilikuwa Led Zeppelin mpaka kwa mifupa.

Tulipima kwa mauzo. Tulipima kwa tuzo, kwa solo za gitaa, kwa nani alimwiga nani. Siku hizi naona vipimo hivyo vyote vina kasoro moja: vinapima nyimbo, ama vinapima mtu mmoja mwenye kipaji. Havipimi bendi. Bendi ni watu kadhaa waliokubali kusikizana, na ukitaka kujua walisikizana kiasi gani, angalia kinachotokea mmoja wao akitoka.

Juni 1964, Ringo Starr aliugua siku moja kabla ya ziara. Beatles wakamchukua mpiga ngoma mwingine, Jimmie Nicol, kwa maonyesho machache, na George Harrison karibu akatae kusafiri bila Ringo. Huyo Ringo ndiye watu humcheka eti alikuwa na bahati tu. Mwenzake mwenyewe hakuona hivyo.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1980. Tarehe 19 Februari, Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki London. Tarehe 18 Mei, Ian Curtis wa Joy Division alijitoa uhai, bendi ikiwa karibu kuanza ziara ya Marekani. Tarehe 25 Septemba, akafariki John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin. Bendi tatu, kila moja imepoteza mtu mmoja, ndani ya miezi saba na siku kadhaa. Na kila moja ikatoa jibu lake.

Zeppelin walisimama. Desemba mwaka huo walitangaza kwamba hawawezi kuendelea jinsi walivyokuwa. Hiyo ndiyo ilikuwa rungu yangu kwa kila ubishi. Niliwaambia wasikize When the Levee Breaks, ya mwaka wa 1971. Wimbo wenyewe si wao kwa asili. Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy waliurekodi 1929, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Kilicho chao ni ule mdundo. Ngoma za Bonham ziliwekwa chini ya ngazi kwenye nyumba kuukuu iitwayo Headley Grange, maikrofoni zikaning'inizwa juu. Ukiusikiza vizuri, husikii ngoma peke yake, unasikia nyumba nzima ikiitikia. Gitaa na harmonika zinatembea ndani ya hiyo nafasi aliyoifungua yeye. Sasa mtu kama huyo unamtafutia mbadala wapi?

AC/DC walipata mbadala. Bon Scott alifariki Februari, na Julai albamu ya Back in Black ilikuwa sokoni, Brian Johnson akiimba. Nilikuwa namuuliza yule jamaa, manze, hata matanga hayajaisha mshaleta mwingine? Yeye alikuwa ananijibu kwa upole uliokuwa unaniudhi: jalada ni jeusi tupu, na albamu inaanza na kengele inayolia polepole. Hayo ndiyo matanga yenyewe. Sikumsikiza. Nilikuwa nishaamua kwamba kuendelea ni usaliti.

Mwaka wangu wa pili, karo ikakosekana. Nilirudi nyumbani kwa wiki mbili za kutafuta pesa, na hizo wiki mbili hadi leo hazijaisha. Kabla ya mwezi kuisha, wale watatu walikuwa wamepata mtu wa kulipa fungu langu la kodi. Alilala kwa godoro langu. Waliniuliza kwanza, na nikasema sawa, kwa sababu ningesema nini? Mwenye nyumba hangoji mtu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba huko kote kuisifu Zeppelin kulikuwa na kitu ndani yake. Nilitaka bendi inayovunjika mimi nikitoka. Nilitaka keja ifungwe, maharagwe yaungue, ubishi ukome. Hiyo si hoja ya muziki. Na nikirudi kwa ukweli, hata hiyo hadithi ya Zeppelin haikuwa safi vile nilivyoisimulia. Mwaka wa 1985 walipanda jukwaani Philadelphia, kwenye Live Aid, na wapiga ngoma wawili, mmoja wao Phil Collins, na mambo yakaenda vibaya mpaka baadaye wakakataa video yao iwekwe kwenye DVD rasmi ya tamasha. Desemba 2007 walirudi tena, London, na Jason Bonham, mtoto wa marehemu, akakaa nyuma ya ngoma. Kumbe pengo huwa linaita watu.

Ndipo nikaisikiza Back in Black upya, bila hasira. Malcolm Young anapiga gitaa kwa kuacha: anagonga, ananyamaza, anagonga. Ule ukimya katikati ndio unaokufanya usogeze kichwa. Johnson hajaribu kuwa Scott. Scott aliimba kama mtu anayekukonyezea jicho. Huyu anaimba kama mtu anayepiga kelele ng'ambo ya barabara. Hawakujifanya kwamba hakuna aliyetoka.

Joy Division walichukua njia ya tatu: waliacha jina. Waliobaki wakawa New Order, na mwaka huohuo Gillian Gilbert akajiunga nao. Albamu ya kwanza, Movement ya 1981, ni ngumu kuisikiza kwa sababu unasikia watu wanaotafutana gizani. Bernard Sumner anaimba kama mtu aliyekalia kiti kisicho chake. Miaka miwili baadaye wakatoa Blue Monday, ngoma za mashine, besi ya Peter Hook ikipanda juu mahali ambapo kwa bendi nyingine ungesikia gitaa. Sauti hiyo haingekuwepo bila lile pengo. Hilo haliwi faraja kwa kifo cha mtu, na sisemi ni faraja. Nasema tu ndivyo ilivyotokea.

Nilirudi Juja mwaka jana, kusalimia. Yule wa godoro langu alikuwa jikoni anakuna nazi. Ubishi ulipoanza alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini orodha yetu yote ni ya wazungu, ukitoa Freddie. Akaweka WITCH kwa spika.

WITCH walitoka Zambia, miaka ya sabini, na jina lao ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, kutokana na Mick Jagger. Lazy Bones!! ya 1975 ina gitaa linalonguruma kama pikipiki na ngoma zinazokimbia mbele yake. Kisha bei ya shaba ikaanguka na uchumi wa nchi nayo. UKIMWI ukaja ukachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Katika bendi ile ya mwanzo, Jagari ndiye pekee aliyebaki, na kwa miaka mingi alikuwa akichimba mawe ya thamani. Rekodi zao zilipotolewa upya nje ya nchi, watu wakaanza kumtafuta. Alirudi jukwaani na vijana wa Ulaya waliojifunza nyimbo hizo, pamoja na Patrick Mwondela, aliyepiga kinanda WITCH ya baadaye. Mwaka wa 2023 wakatoa Zango, ya kwanza baada ya karibu miaka 40.

Sitadanganya kwamba Lazy Bones!! inaishinda albamu ya nne ya Zeppelin wimbo kwa wimbo. Haiishindi. Lakini kwa kipimo changu, cha mmoja akitoka, hakuna bendi iliyojaribiwa kama hii. Hapo walitoka karibu wote, akabaki mmoja anayejua kila sehemu ilipaswa kusikika vipi, akawafundisha watu wasiowahi kuwaona wenzake. Bado ni bendi? Mimi nasema ndiyo, na kura yangu iko hapo sasa.

Jamaa wa Beatles alicheka, akasema nilete namba. Wa AC/DC hakusema kitu, alinisogezea sahani. Tokeni za stima ziliisha katikati ya wimbo wa tatu, na yule kijana akaanza kutafuta simu gizani, akiniuliza kama huwa nalala upande wa ukuta ama wa mlango.