Mara Ishirini za Nini? Istilahi katika Matangazo ya Kamera

Aghalabu tunapokosoa lugha ya matangazo ya biashara huwa tunakusudia makosa ya sarufi: upatanisho wa ngeli umevurugika, neno limeendelezwa vibaya, au tafsiri imefanywa neno kwa neno hata maana ikapotea. Makosa hayo yanaudhi, lakini ni nadra kumtia mtu hasara. Makala haya yanahusu matangazo ya namna nyingine, yaani yale ambayo sarufi yake haina ila, istilahi zake zimetafsiriwa kwa uangalifu, na hata hivyo msomaji akiyaamini atanunua kitu ambacho hakukikusudia. Nimechagua matangazo ya kamera, zikiwemo kamera za simu za mkononi, kwa kuwa yamejaa tarakimu, na tarakimu huaminiwa upesi kuliko maneno. Isitoshe, ninalo deni langu mwenyewe katika jambo hili.

Miaka michache iliyopita ofisi moja ya serikali iliniletea orodha ya sifa za vifaa vilivyokuwa vinunuliwe kwa zabuni, ili niisanifu kwa Kiswahili. Miongoni mwake zilikuwamo kamera za kupigia picha madaraja na makalavati kabla na baada ya masika, mahali pengine mpigapicha akiwa ng'ambo ya mto. Sifa mojawapo niliiandika hivi: "ukuzaji wa picha usiopungua mara 20". Matini ya Kiingereza haikueleza ni ukuzaji wa aina gani, nami sikuuliza. Kamera zikaletwa. Lenzi zake zilikuza mara 5, na mtambo wa ndani ukaongeza mara 4. Tano mara nne ni ishirini. Muuzaji hakusema uongo. Lakini nguzo zilipopigwa picha kutoka ng'ambo, nyufa zilizokuwa zikitafutwa hazikuonekana. Palionekana ukungu wa vitone tu. Mhandisi aliyenipigia simu hakunilaumu. Aliniuliza: "Ndugu, hizi mara ishirini ni mara ishirini za nini?"

Tulijibu swali hilo kwanza. Lenzi inapokuza, vioo vyake husogea, na taswira ya kitu kilicho mbali huangukia sehemu kubwa zaidi ya kihisi, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea nuru. Kila kilichoongezeka katika picha kimetoka katika kile kinachopigwa. Ukuzaji unaoitwa wa kidijitali haufanyi hivyo. Mtambo huchukua kipande cha katikati ya picha, hutupa kingo zote, kisha hukitanua kipande hicho kijaze nafasi iliyoachwa. Kwa kukuza mara 4 kwa njia hiyo hubaki sehemu moja ya kumi na sita ya picha, kwa sababu upana umegawanywa kwa nne na urefu vilevile. Kamera yenye vitone milioni 16 imebakiwa na milioni moja, na vingine vyote vilivyojaza nafasi vimekisiwa kwa hesabu. Mtu aweza kufanya kazi hiyohiyo nyumbani kwa mkasi na kioo cha kukuzia.

Basi tatizo li wapi? Kiingereza kimeyaita mambo hayo mawili kwa jina moja, kisha kikayatofautisha kwa kivumishi. Msikiaji hushika jina, kivumishi humpita. Tena kivumishi chenyewe, "-a kidijitali", katika masikio ya watu wa zama zetu kinavuma kama sifa ya ubora, kana kwamba ukuzaji huu ndio wa kisasa na ule wa lenzi ndio wa kizee. Sisi tulipoandika "ukuzaji wa kidijitali" tulitafsiri jina la dukani badala ya kuitazama dhana. Napendekeza tuseme ukuzaji wa lenzi kwa ule wa kwanza, na ukuzaji wa mkato kwa huu wa pili. Walimu wa lugha watanikumbusha kwamba mkato ni alama ya uandishi. Nakubali, lakini sidhani kwamba yupo atakayenunua kamera akidhani kwamba inauzwa pamoja na alama za uandishi.

Hasara ya jina hilo moja inaonekana wazi katika simu ya Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020, iliyoandikwa mgongoni mwake kwamba inakuza mara 100, pamoja na neno la kuashiria anga za juu. Lenzi yake ya mbali ilikuwa ikikuza takriban mara 4 ukilinganisha na lenzi yake kuu. Safari iliyobaki hadi mia moja ilikuwa ya ukataji na ukokotozi. Neno la hatari katika tangazo la Kiswahili la namna hii ni "hadi". "Hukuza hadi mara 100" ni sentensi ya kweli, kwa maana hadi hutaja mwisho wa njia pasipo kusema njia yenyewe ikoje.

Nageukia megapikseli, na hapa sina budi kukawia kidogo, kwa sababu kosa liko ndani ya istilahi yenyewe. Neno pikseli hutumika kwa vitu viwili. Kwanza ni kitone cha picha iliyokwisha kamilika, chenye rangi yake. Pili ni kile kijicho kidogo kilichoko juu ya kihisi, kinachopokea nuru na kuipima. Vitu hivi si kimoja. Katika kamera nyingi kila kijicho kimefunikwa kwa kichujio cha rangi moja tu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu na robo buluu. Kwa hiyo kila kijicho hupima rangi moja, na rangi mbili zilizosalia hukadiriwa kutokana na majirani zake. Kitone cha picha kina rangi tatu. Kijicho kilipima moja.

Kutokana na utata huu wenye viwanda wamehesabu kila mmoja kwa namna iliyomfaa. Mwaka 2000 kampuni ya Fuji iliuza FinePix 4700 Zoom, yenye vijicho milioni 2.4, ambayo picha zake zilitoka zikiwa na vitone milioni 4.3, hesabu kubwa ilikuwa ya vitone. Kampuni ya Sigma ikaenda njia ya pili. Kamera yake ya SD14, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ilikuwa na kihisi cha tabaka tatu, kila tabaka likipima rangi yake mahali palepale. Picha yake ya kawaida ilikuwa na vitone milioni 4.7 hivi, lakini ilitangazwa kuwa ya megapikseli 14, kwa kuhesabu vijicho vya tabaka zote tatu. Nikiri kwamba Sigma nawaonea huruma kidogo, maana rangi zote tatu walizipima kweli badala ya kuzikadiria. Wangehesabu kwa uchache, wangeonekana duni mbele ya kamera zilizokadiria theluthi mbili. Hata hivyo mnunuzi aliyezilinganisha kamera hizo mbili na nyingine dukani alikuwa akilinganisha pishi na vibaba, na neno juu ya vibandiko lilikuwa lilelile.

Utata huo haujaisha. Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 ina megapikseli 200 katika matangazo, na usipoiamuru vinginevyo hutoa picha ya megapikseli 12, kwa kuwa huunganisha vijicho kumi na sita kuwa kitone kimoja. Kuunganisha huko ni jambo la busara. Katika giza humpa mpigapicha picha safi zaidi. Lawama yangu ni juu ya tarakimu inayotajwa kwa sauti kubwa ilhali ile itakayomfikia mtumiaji inanong'onwa. Na itafaa mtumishi anayeandika sifa za zabuni ajue kwamba ukurasa wa A4 uliochapwa kwa vitone 300 kila inchi unahitaji vitone milioni 8.7 tu.

Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huu. Napendekeza kitone kwa kile cha picha, na kipokeanuru kwa kile cha kihisi, na kwamba neno pikseli, pale litakapobaki kwa mazoea, litumike kwa maana ya kwanza pekee. Hapo sentensi "kihisi kina vipokeanuru milioni 200; picha ina vitone milioni 12" itaandikika pasipo mtu kujikanganya.

Sina haja ya kusema mengi juu ya inchi, ingawa ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kamera ya Sony RX100 ya mwaka 2012 husemwa kuwa ina kihisi cha inchi moja. Inchi moja ni milimita 25.4. Kihisi hicho kina upana wa milimita 13.2 na urefu wa milimita 8.8, na hata ukikipima kutoka pembe hadi pembe hupati ila milimita 16 hivi. Inchi inayotajwa ni ya kipenyo cha nje cha mirija ya kioo iliyotumika katika kamera za televisheni za zamani, ambayo sehemu yake ya kupokea taswira ilikuwa ndogo kuliko mrija wenyewe. Mirija imekwisha, kipimo kimebaki, kama mtu anayetaja ukubwa wa kokwa kwa kupima embe zima. Mfasiri anayekutana na "kihisi cha inchi moja" aandike milimita. Akishindwa kuzipata, aandike "kihisi cha daraja la inchi moja", ili neno daraja limwonye msomaji kwamba hapa rula haitamfaa.

Liko pia dai lisilo na tarakimu, nalo ni picha yenyewe. Mwezi Septemba 2012 kampuni ya Nokia ilitoa filamu fupi ya kutangaza simu ya Lumia 920, ikionyesha jinsi simu hiyo inavyotuliza picha wakati mpigaji anaendesha baiskeli. Watazamaji wakaona katika kioo cha dirisha taswira ya gari na mpigapicha ndani yake mwenye kamera kubwa. Kampuni iliomba radhi. Mwaka 2016 Huawei ilichapisha picha ya mwanamke katika mwanga wa jua pamoja na maneno ya kuisifu kamera ya simu ya P9, na kumbukumbu zilizofichika ndani ya picha zikaonyesha kwamba ilipigwa kwa Canon EOS 5D Mark III. Picha iliondolewa. Maneno yaliyoandamana nayo hayakutamka mahali popote kwamba simu ndiyo iliyopiga. Yaliwekwa jirani na picha tu, na ujirani ukafanya kazi yote.

Kwa Kiswahili ujirani huo hufanywa na neno "kama": "piga picha kama hizi". Kama yaweza kuwa ya mfano, yaweza kuwa ya mshabaha, yaweza kuwa ya matumaini. Lugha yetu inayo njia ya kusema bila shaka: "picha hii imepigwa kwa simu hii", kwa ile "kwa" ya chombo. Mfasiri akiletewa "kama", amwulize mteja wake iwapo yuko tayari kuandika "kwa". Jibu litamfundisha mengi.

Mwenzangu mmoja ofisini, mtu ninayemheshimu, amenipinga. Anasema mfasiri ni mshenga: hufikisha posa, hachunguzi mali ya bwana harusi. Kama tangazo la Kiingereza lina utata, uaminifu ni kuuhamisha utata huo mzima mzima. Katika tafsiri ya tangazo moja la mtu mmoja hoja yake ina nguvu, na sijui kama ninaweza kuibomoa. Lakini istilahi haiandikwi kwa ajili ya mteja mmoja. Ikishasanifiwa huingia katika vitabu vya shule, katika zabuni, na siku moja katika hati ya madai. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha; haikuishia kwenye uongo ulio wazi. Je, hakimu atapimaje kwamba "ukuzaji wa mara 20" ulielekea kupotosha, ikiwa sisi wenyewe tulikwisha kuziita aina zote mbili ukuzaji?

Ile sifa ya zabuni nimeiandika upya, nayo sasa inasomeka: "ukuzaji wa lenzi usiopungua mara 20; ukuzaji wa mkato usihesabiwe". Mhandisi ameridhika nayo. Istilahi nyingine nilizozitaja bado ni mapendekezo, na wenzangu wawili wameona kwamba kipokeanuru ni neno refu mno kwa kitu kidogo kiasi kile. Walimu wa fizikia na wapigapicha wenye neno fupi zaidi, hasa linalotumika tayari karakanani au mtaani, tunaomba watuandikie.