Ukuta na Ufa: Thimlich Ohinga katika Uhakiki wa Sanaa ya Uhamaji

Sanaa ya usimikaji, yaani ile ambayo mtazamaji huingia ndani yake badala ya kuitazama kwa mbali, aghalabu huhakikiwa kama zao la majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2007, Doris Salcedo wa Kolombia alipasua ufa wa mita 167 katika sakafu ya Tate Modern, London, ili kudhihirisha hali ya mhamiaji anayebaguliwa. Katika kazi hiyo, kuhama ni kutengwa. Je, hiyo ndiyo maana pekee ya uhamaji?

Boma la mawe la Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, linatoa jibu jingine. Kuta zake, zinazokadiriwa kuanza kujengwa katika karne ya 16, hazikuunganishwa kwa udongo wala saruji. Mawe yameshikana kwa ustadi wa upangaji tu. Malango ni finyu, hivyo aingiaye sharti ainame. Ni kweli kwamba wajenzi walikusudia usalama wa watu na mifugo, si sanaa. Hata hivyo, maana ya umbo haiishii katika nia ya mjenzi. Mwili wa mgeni hujifunza langoni kwamba anayefika hutiliwa shaka kwanza, ndipo apokewe.

Uzito wa boma hili umo katika historia ya ukaaji wake. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana makazi hayo hadi karne ya 20, na waliofika baadaye walizikarabati kuta walizozikuta.

Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, linaonyesha kinyume cha hayo. Masimulizi ya Wajaluo yanaeleza kuwa palikuwa na kijiji kilichozama baada ya wenyeji kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Simulizi hii haimhukumu anayehama. Inamhukumu anayemfungia mlango.

Thimlich Ohinga iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mhakiki atakayeisoma kama mali ya kabila moja atakuwa ameufuta ushahidi wake mkuu, kwamba ukuta huo umesimama kwa mikono ya wageni waliofuatana. Hapo ukuta utakuwa umegeuzwa ufa.