Uhakiki wa mazingira usiishie kuhesabu miti

Tangu uhakiki wa kiikolojia ubishe hodi katika idara zetu za Kiswahili, tasnifu zimeanza kufanana kama ndugu wa tumbo moja. Sura ya kwanza inamtaja Mmarekani William Rueckert, aliyelitumia neno hilo mwaka 1978. Ya pili inamtaja Cheryll Glotfelty na mkusanyiko wa makala aliouhariri pamoja na Harold Fromm mwaka 1996. Kisha mtafiti anaingia katika riwaya, kalamu mkononi, na kuanza kuhesabu: mto umetajwa mara ngapi, msitu umefyekwa ukurasa upi, moshi wa kiwanda umechafua hewa ya nani. Hitimisho nalo huwa limekwisha kuandikwa kabla ya utafiti: mwandishi anasikitikia uharibifu wa mazingira, teknolojia ya kigeni ndiyo mkosaji, jamii irejelee mila zake. Basi, shahada hiyo!

Sisemi kazi hizo ni bure. Kuna wakati mhakiki wa Kiswahili aliuona msitu kama pazia la jukwaani tu, kitu cha kumalizia sehemu ya ‘mandhari’ katika mwongozo wa mtihani. Heri anayehesabu miti kuliko asiyeiona kabisa. Kinachonikera ni ule mgawanyo unaobebwa kimyakimya ndani ya tasnifu hizi, kwamba huku kuna maumbile na utamaduni, kule kuna mashine, na katikati pana ukuta. Mhakiki akishakubali ukuta huo, hana tena swali la kumuuliza mwandishi. Anabaki kutoa hukumu.

Nina mawazo kwamba ukuta huo tumeuazima. Hebu tulitazame neno fundi. Fundi ni wa saa, wa cherehani, wa mawe, wa gari. Lakini mzizi wake ndio uo huo tunaoupata katika kufunda, kufundisha, mafundisho na hata funzo. Mwari hufundwa, mwanafunzi hufundishwa, na anayeujua ufundi huitwa fundi. Katika lugha hii, ujuzi wa kutengeneza kitu na ujuzi wa kulea mtu vilitoka chungu kimoja. Hili neno teknolojia lilipoingia, lilikuja peke yake, bila mwari na bila mwalimu, na sisi tukalipokea kana kwamba hatukuwa na lolote la kulilinganisha nalo. Mazingira nayo ni neno la kutafakari. Linatokana na kuzingira, maana yake sisi tumo katikati na vitu vingine vimetuzunguka. Sijaona tasnifu iliyosimama hapo hata kwa aya moja.

Sasa tuje kwenye riwaya ambayo kila mtahiniwa wa kidato cha nne aliibeba mkobani kwa miaka kadhaa, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014. Msitu wa Mamba unafyekwa, watu wanalima, kisha wanafurushwa. Miongozo mingi inaweka jambo hilo chini ya anwani ya ‘uharibifu wa mazingira’, inataja mifano mitatu na kusonga mbele. Lakini ni mkono wa nani ulioshika panga? Mmoja wao ni Lunga, ambaye alikuwa mtetezi wa mazingira, tena mwenye ulimi. Aliachishwa kazi kwa sababu alikataa wananchi walishwe mahindi yaliyoharibika, na akaishia kulima msituni. Hapo pana kitabu kizima cha uhakiki. Mti haukuangushwa na ujinga wa Lunga. Umeangushwa na ghala, na mkubwa aliyetaka mahindi yale yauzwe, na ardhi isiyotosha. Sisi wa Eldoret, tunaoishi mlangoni pa maghala ya nafaka na kusikia kilio cha wakulima kila msimu wa mavuno, hatuhitaji tanbihi ili kuelewa uhusiano wa mahindi na msitu. Ajabu ni kwamba tunapoandika uhakiki tunausahau.

Mwandishi aliyeuvunja ukuta huu mapema, tena bila kutumia neno ikolojia, ni marehemu Katama Mkangi. Hakuwa mhakiki wa fasihi kwa taaluma bali mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kutiwa kizuizini mwaka 1986. Katika Walenisi (1995), Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo cha angani ambacho kazi yake ni kuwapeleka waliohukumiwa wakafe. Yeye anakimudu chombo hicho, anakiendesha na kufika katika ulimwengu ambao jina lake, ukilikata, linasema ‘wale ni sisi’. Wahakiki wengi huikimbilia jamii ile ya usawa anayoikuta huko, wakaandika kuhusu ujamaa na utopia. Sawa. Mimi hubaki na lile tendo la kwanza. Chombo ni kilekile. Kilipokuwa mikononi mwa wenye mamlaka kilikuwa jeneza. Alipojifunza kukiendesha kikawa njia. Mkangi hakumwambia msomaji wake aichukie mashine wala aiabudu. Alimuuliza nani ameshika usukani na nani amefundwa kuushika. Hilo ni swali la mwanasosholojia ndani ya riwaya, na ndiyo maana nasema taaluma zikikutana kwa dhati huzaa kitu. Zikikutana kwa ajili ya kupamba anwani ya kongamano hazizai.

Kama mfano wa riwaya hautoshi, hatuna haja ya kwenda angani. Kutoka hapa mjini panda matatu hadi Iten, simama ukingoni utazame Bonde la Kerio chini yako. Ukifuata ule mteremko kuelekea kaskazini, upande wa Marakwet, utakuta mifereji ya kunyweshea mashamba iliyochimbwa na kujengwa na koo karne kadhaa zilizopita. Inachota maji ya mito inayoteremka kutoka milima ya Cherangany, kama vile Embobut na Arror, inayapitisha kwenye mabega ya majabali hadi mashamba ya bondeni. Baadhi ina urefu wa zaidi ya kilomita 10. Vifaa vyake vya asili vilikuwa mawe, magogo, matawi na udongo. Siku hizi utaona saruji na mabomba pia, na hakuna mzee aliyezimia kwa kuyaona.

Je, mfereji ule ni maumbile, utamaduni au teknolojia? Mtu anayeuliza hivyo ataaibika mbele ya wenyewe. Maji hayateremki kwenye jabali bila hesabu ya mwinuko. Hiyo ni uhandisi. Zamu za maji hugawanywa kwa koo, mchana na usiku, na anayeiba zamu hushtakiwa mbele ya wazee. Hiyo ni sheria. Ukarabati huitisha vijana wa ukoo mzima. Huo ni ujirani. Wanaakiolojia, wanajiografia na wanaanthropolojia wameifuata mifereji hii kwa miongo kadhaa. Henrietta Moore alichapisha kitabu kuhusu Wamarakwet wa Endo mwaka 1986, na Wilhelm Östberg akaandika juu ya kuenea kwa unyweshaji huo katika kitabu cha mwaka 2004 kilichohaririwa na Mats Widgren na John Sutton. Vyote ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mfano wa utamaduni, maumbile na ufundi vikiwa kitu kimoja anapita juu yake kwa basi akienda likizo.

Na hapa si suala la kupendezesha maktaba. Mwaka 2019 majina ya Arror na Kimwarer yalijaa magazetini kwa sababu ya mabwawa mawili yaliyopangwa kujengwa katika kaunti hiyo ya Elgeyo Marakwet kwa mabilioni ya shilingi. Watu wakafikishwa mahakamani, mradi wa Kimwarer ukafutwa Septemba mwaka uo huo, na mwaka 2023 Rais William Ruto akatangaza mpango wa kuyafufua mabwawa hayo. Gumzo lote lilihusu pesa, na lilistahili. Ila kuna mazungumzo ambayo sikuyasikia. Mto unaolisha mfereji wa ukoo ukizuiwa na ukuta wa saruji, zamu ya maji ataigawa nani? Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia mazingira. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinadai tangazo lisomwe redioni katika lugha rasmi na lugha za wenyeji. Vizuri. Lakini ripoti zenyewe, zile kurasa mia kadhaa zenye majedwali, hutoka kwa Kiingereza. Mzee anaambiwa kwa lugha yake kwamba kuna karatasi, kisha anapewa karatasi asiyoweza kuisoma. Ripoti kama hiyo ni matini. Ina msimulizi, ina wahusika waliopewa majina na wengine walioitwa ‘jamii iliyoathiriwa’, ina kimya chake. Nani aliyefundishwa kusoma kimya cha matini kama si mhakiki wa fasihi?

Historia ya elimu ya juu hapa Eldoret ingepaswa kuturahisishia kazi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 baada ya tume ya Mackay kupendekeza mwaka 1981 chuo cha pili chenye mwelekeo wa kiteknolojia, na wanafunzi wake wa kwanza, 83, walikuwa wa taaluma ya misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Kwa maneno mengine, chuo kilianza na miti na mitambo, halafu fasihi ikaja. Siku hizi mhakiki na mtaalamu wa misitu wanakula maandazi kwenye kibanda kimoja na hawajui majina ya kazi wanazoandika. Ukiuliza, utaambiwa ratiba hazioani. Labda.

Nisieleweke vibaya, ati nataka tuifanye mifereji ya Kerio kuwa bustani ya Edeni. Kanuni zake za jadi ziliwazuia wanawake kuugusa mfereji, ilhali wao ndio walioinama shambani kuanzia alfajiri wakingoja maji hayo. Ufundi uliofunza wana na kuwanyima mabinti nao unahitaji kuhakikiwa, tena kwa ukali uleule tunaouelekeza kwenye bwawa la mkandarasi. Mhakiki anayesema ‘turejelee mila’ angefaa aseme ni mila ipi, na ya zamu ya nani.

Pia angehitaji msamiati. Wenzetu wa Tanzania wana banio, yaani pale maji ya mto yanapozuiwa na kuingizwa mferejini. Wana pia mfongo, jina la mifereji ya Wachaga wa Kilimanjaro, ambalo limeingia katika maandishi ya Kiswahili bila kuomba radhi. Marakwet wana majina ya kila sehemu ya mfereji wao, kutoka mtoni hadi shambani. Juzi niliwauliza wanafunzi kadhaa wa uzamili, mmoja wao mzaliwa wa Tot, banio ni nini. Watatu walidhani ni kifaa cha kubania nywele. Yule wa Tot alicheka, akanitajia neno la nyumbani kwao, kisha akauliza kama inaruhusiwa kuliandika katika tasnifu ya Kiswahili. Nimemwambia aliandike, na katika sura ya kwanza, kabla ya Rueckert.